Mwenye Kigoda

Pampu ya Tusekile ililia mara kumi na moja asubuhi ile. Mama yake, Atuganile, alihesabu akiwa amesimama kando ya kitanda na kandambili moja mkononi, na alipofika kumi na moja akangoja kidogo, labda kuna nyongeza. Nyongeza haikuja. Jana ilikuwa imelia mara kumi na mbili.

"Umehesabu vizuri?" Tusekile aliuliza bila kufumbua macho.

"Nimehesabu."

"Basi bandika chai, mama. Siku kumi na moja ni nyingi, mtu anaweza hata kuolewa."

Ndivyo alivyokuwa Tusekile, mwenye miaka ishirini na sita: mdomo wake ulikuwa na afya kuliko moyo wake. Pampu ile iliwekwa chini ya mfupa wa bega akiwa mchanga, na shirika moja la ng'ambo lililopita mkoa hadi mkoa likiokoa watoto wenye mioyo mibovu. Lilikuwa jambo la heri, na watu walipiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza kwa nini pampu ilihitaji ruhusa. Waliambiwa tu kwamba ruhusa ni ya miaka ishirini na sita, na ikikaribia kuisha mashine ya ng'ambo itatuma nyingine yenyewe, mgonjwa akiwa amelala.

Sasa mashine hiyo haikuwepo, na kila asubuhi pampu ilihesabu kwa milio siku zilizobaki kabla ya kusimama. Tusekile alipokuwa na miaka mitatu Kimya kiliingia, na kila kitu kilichokuwa kikijibu kikaacha kujibu.

Atuganile alimvalisha binti yake sweta mbili, akamshika kiuno, wakatoka kwenda kituoni. Luteba kuna baridi, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Njia ya dakika tano waliitembea kwa nusu saa.

*

Kituo kilikuwa stoo ya zamani ya chama cha wakulima. Juu ya bati kulikuwa na mlingoti na paneli nne za jua. Ndani, meza, redio ya kuongelea, na kompyuta moja yenye kioo cha kijani na mashine ya kuchapia. Atuganile alikuwa mtafutaji wa Luteba kwa miaka kumi na mitano. Alimlaza Tusekile kwenye mkeka karibu na dirisha, akawasha.

Kioo kikaleta orodha, kama kawaida yake, bila picha wala sauti:

1. Maghala ya milimani
2. Maghala ya tambarare
3. Tafuta kwa neno
4. Foleni
0. Rudi

Programu hiyo watu waliiita Fuko, kwa sababu ilipita chini kwa chini kutoka ghala hadi ghala na haikuona kitu. Ilikuwa ya kizamani hata kabla ya Kimya. Vijana wa wakati ule wangeicheka. Wao walikuwa na Sauti. Unaiuliza Sauti dawa ya mafua, inakujibu. Unaiuliza mipaka ya shamba la babu yako, inakujibu. Na kwa kuwa ilijibu yote, watu wakaona kutunza karatasi ni ushamba. Wakazichoma, wakafungia maandazi. Sauti ilipokata, taifa zima likajikuta halijui hata dozi ya panadol ya mtoto. Kilichobaki ni vipande vya maarifa kwenye kompyuta za shule na misheni, zilizoitwa maghala, huku kidogo, kule kidogo, na hii Fuko ya kuviunganisha kwa redio. Ukitaka kitu, unachagua namba, unaingia. Unachagua nyingine, unaingia zaidi. Ukipotea, unabonyeza sifuri unarudi nyuma.

Au unatafuta kwa neno. Hapo kuna jambo ambalo Atuganile alilijua vizuri kuliko yeyote: Fuko haikupekua nyaraka zenyewe. Diski za maghala zilikuwa kongwe, na kila zikiamshwa zinakwaruza. Kwa hiyo neno lako lilitafutwa kwenye fahirisi tu, orodha fupi ya majina ya nyaraka na dakika za kuzirusha, iliyoandikwa na mtunzaji wa kila ghala kwa mkono wake. Mtunzaji akiita kitu kwa jina fulani, kinaishi kwa jina hilo. Asipokiita, kimezikwa.

Atuganile akabonyeza 3, akaandika neno lile lile aliloliandika kwa wiki saba: Mwaisumo.

Ghala la Luteba: hakuna. Kandete: hakuna. Lwangwa: hakuna. Ipinda: hakuna. Matema: hakuna.

Dakta Mwaisumo wa Lwangwa alikuwa amefungua pampu tano, zikaendelea bila ruhusa. Hilo halikuwa porojo. Atuganile alimfahamu mmoja wa watu hao, mzee aliyekufa baadaye kwa malaria akiwa na moyo unaodunda barabara. Dakta alikuwa amegundua namba kumi na mbili za kuondoa kufuli, namba zile zile kwa pampu zote, na inasemekana aliziandika. Aliziandika wapi? Alikufa miaka kumi na moja iliyopita, na ghala la kwao wenyewe lilidai halimjui.

"Tafuta Sumo," Tusekile alisema kutoka mkekani. "Au Mwaisuma. Watu wanakosea."

"Nimetafuta yote."

"Basi tafuta mwanamume mwenye ng'ombe wengi. Nikimpata kabla ya siku kumi na moja nitakulipia hii chai."

Atuganile hakucheka. Alikuwa amefika mahali ambapo utani wa mwanawe ulimchoma.

*

Saa nne redio ya kuongelea ikakoroma.

"Luteba, Luteba, hapa Ipinda. Mnanipata?"

"Nakupata, Nesi Bupe."

Bupe alikuwa muuguzi pekee wa Ipinda, huko tambarare, ambako mto ulikuwa umemwaga maji kwenye vyoo na visima. Atuganile hakuwahi kumwona uso, lakini alimjua kwa sauti na kwa desturi yake ya kuulizia wagonjwa wa watu kabla ya kutaja wa kwake.

"Tusekile anaendeleaje?"

"Yupo. Kumi na moja."

"Namwombea. Mama, kipindupindu kimetushika. Wamelala thelathini na wanane, jana tumezika sita. Wanaotapika hawawezi kunywa kitu, na maji ya dripu yameisha. Kwenye fahirisi ya Lwangwa kuna kitabu, 'Kutengeneza maji ya dripu kituoni.' Nakihitaji chote, na michoro yake."

"Tusekile, andika."

Tusekile akajikokota hadi mezani, akafungua namba 4, akaandika kwenye foleni kwa vidole vyake vyembamba: Lwangwa. 1. Ipinda. Maji ya dripu. Dakika kumi na nane.

Luteba iko juu kuliko vituo vyote, ndiyo maana maombi ya tambarare yote yalipitia pale na foleni ikatunzwa pale. Watafutaji walikuwa na sheria moja tu, na waliapishwa nayo: foleni haiguswi. Awe jumbe, awe askofu, anangoja zamu. Atuganile mwenyewe alikuwa amewahi kumkatalia kaka yake.

Akaita Lwangwa kuwaombea Ipinda kitabu chao. Mtunzaji wa huko, Masalu, alikuwa Msukuma aliyefuata mke milimani na kukwama, na miaka yote hakuacha kuwashangaa wenyeji wake.

"Diski yangu mgonjwa, mama," Masalu alisema. "Jana nimeiamsha ikalia kama mlango wa choo. Nadhani imebakiza mara moja tu. Nimeipoza, betri zinajaa. Kesho saa nne nitaiamsha, mchukue mnachochukua. Baada ya hapo msinidai."

"Itakaa muda gani?"

"Dakika ishirini, Mungu akipenda. Nimekaa hapa kwenye kigoda changu naisikiliza tangu asubuhi. Hiki kigoda nacho kina mambo! Nilikuambia habari zake?"

"Hapana."

"Bibi Tupokigwe aliyenitangulia, yeye na baba mkwe wake walifanya kazi chumba hiki hiki miaka mitano na hawakuonana. Nakwambia kweli! Mzee anaingia asubuhi, anaandika mambo yake, anaacha karatasi juu ya kigoda, anakohoa, anatoka. Akishapotea ndipo mkamwana anaingia, anachukua karatasi, anapiga chapa. Hata jina lake hakulitamka mpaka anakufa. 'Mwenye kigoda kaacha kazi,' basi. Nyie Wanyakyusa nyie! Kwetu mkwe tunamwamkia, tunampa na nyama."

Atuganile alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Yeye mwenyewe alikuwa mkamwana. Kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kutamka jina la baba wa marehemu mumewe; alimwita mwenye nyumba ya juu, na akimwona njiani alijitosa migombani hadi apite. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama anavyopepesa macho. Na kwa wiki saba alikuwa ameandika jina la Mwaisumo kwenye Fuko, bila kujiuliza hata siku moja aliyeiandika fahirisi ya Lwangwa alikuwa nani wa nani. Alijiona mjinga, na hasira ikampanda hadi machozi yakamlenga.

"Yule mzee," alisema polepole, "alikuwa daktari?"

"Eeh. Dakta Mwaisumo. Si ndiye."

Atuganile akabonyeza 3. Akaandika: mwenye kigoda.

Kandete: hakuna. Lwangwa: nyaraka 4. Akaingia.

1. Mwenye kigoda: Kupima maji ya kisima
2. Mwenye kigoda: Mifupa iliyovunjika
3. Mwenye kigoda: Homa za watoto
4. Mwenye kigoda: Kuondoa kufuli ya pampu ya kifuani (dakika 6)

Tusekile alikuwa anasoma nyuma ya bega la mama yake. Akaketi sakafuni.

*

Kesho yake pampu ililia mara kumi.

Usiku Atuganile alikuwa amepiga hesabu mpaka akazichoka. Diski dakika ishirini. Ipinda kumi na nane, yeye sita. Ishirini na nne. Ipinda wakitangulia, zake zinabaki dakika mbili, na dakika mbili hazitoshi kitu. Yeye akitangulia, Ipinda wanabaki na kumi na nne. Kumi na nne ni karibu kitabu kizima! Labda wangekosa michoro tu. Labda michoro haina maana sana. Na diski inaweza kukaa hata dakika ishirini na tano, nani ajuaye. Alijisomea maneno hayo mpaka yakaanza kufanana na ukweli.

Saa nne kasorobo Tusekile alikuwa amesinzia mkekani. Atuganile alifungua namba 4. Alitazama mstari ule mwanawe alioandika jana, ule wa Ipinda, kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole. Ilikuwa rahisi mno, kubonyeza mara mbili tu, na Luteba ikawa 1 na Ipinda ikawa 2. Kompyuta haikupiga kelele wala haikuuliza una uhakika. Alijua kwamba angerudishwa nyuma mara mia angefanya hivyo hivyo.

"Lwangwa hapa," Masalu alisema redioni. "Naiamsha. Nani wa kwanza?"

"Luteba."

Jana Masalu alikuwa ameambiwa maombi ya Ipinda na Atuganile mwenyewe.

"Haya," alisema.

Mistari ikaanza kuingia, mmoja mmoja. Dakika ya tatu mvua ikaanza kupiga bati, na mistari ikaanza kukatika. Fuko ikaomba irudiwe, ikarudiwa, ikakatika tena. Dakika ya sita ilipita. Ya nane. Atuganile aliikodolea macho saa ya ukutani akiwa amekunja ngumi. Dakika ya kumi na moja kioo kikaandika: Imekamilika.

Ipinda wakaanza kupokea. Jalada likaenda. Yaliyomo yakaenda. Shukrani za mwandishi kwa mke wake na wafadhili zikaenda, ukurasa mzima. Orodha ya vifaa ikaanza.

Dakika ya kumi na tisa Masalu alisema, "Imekufa, mama." Nyuma ya sauti yake hakukuwa tena na ule mkwaruzo.

Kumi na tisa. Kitabu cha Bupe kilitaka kumi na nane.

*

Tusekile aliamshwa na kelele za kiti. Mama yake alikuwa amepiga magoti kando yake na karatasi mkononi na sumaku ya spika kuukuu.

"Nisomee," Tusekile alisema.

"'Chukua sumaku. Gonga juu ya pampu, namba kwa hesabu ya mapigo. Sifuri, ishikilie bila kugonga mpaka uhesabu kumi. Kati ya namba na namba pumua mara moja. Ikikubali italia mara mbili fupi. Ikikataa italia mara moja ndefu. Ikikataa mara tatu usiiguse tena, haitafunguka kamwe.'" Atuganile akainamia karatasi. "'Namba ni hizi: nne, moja, moja, tisa, sifuri, mbili, sita...'"

Akaurudia mstari kwa macho.

"Mama?"

Atuganile alisogeza karatasi karibu na dirisha, kwamba labda ni macho. Haikuwa macho. Mahali pa namba ya nane pameandikwa kwa chapa safi ya mtu makini: Hapa karatasi imelowa, haisomeki. Ataulizwa. Kisha namba zikaendelea: tano, tano, tatu, moja.

Alirukia redio. "Mzee Masalu! Namba ya nane! Karatasi zake, zile za mkono, ziko wapi?"

"Zililiwa na mchwa, mama, zamani sana. Kwani vipi?"

"Ameandika 'ataulizwa'. Aliulizwa?"

Masalu akajibu, "Angemuulizaje? Wa kumuulizia alikuwa mumewe, na mumewe mwaka ule alikuwa safarini. Aliporudi alikuta matanga." Akaongeza, bila utani hata chembe, "Walikuwa wanapishana mlango huo huo, mama. Kila siku."

Atuganile alirudi mkekani. Katika kichwa chake alimwona mwanamke yule amesimama nyuma ya mlango na karatasi yenye doa, akimsikia mzee akikohoa hatua nne kutoka hapo, na akingoja apite. Alitaka kumchukia akashindwa, maana angengoja vivyo hivyo.

"Namba kumi zinawezekana," Tusekile alisema, "na tuna mara tatu. Niliwahi kupata mchumba kwa bahati ndogo kuliko hiyo."

"Tusekile, usi..."

"Anza na tatu."

Wakaanza na tatu. Atuganile aligonga kwa sumaku juu ya ngozi ya mwanawe, akapumua, akagonga. Pampu ikatoa mlio mmoja mrefu.

Wakajaribu nane. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu. Mlio mmoja mrefu.

Tusekile alimshika mama yake mkono kabla ya mara ya tatu. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kijani, ambako foleni ilikuwa bado wazi.

"Mama. Jana nimewaandika Ipinda wa ngapi?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Atuganile aligeuza uso kutoka kwenye kioo.

"Sawa," Tusekile alisema baadaye. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Weka sita. Sita waliozikwa juzi. Ikikataa, iwe imekataa."

Atuganile akagonga sita. Akamaliza zile nne za mwisho polepole, akichelewesha kila pigo, kwa sababu kabla ya pigo la mwisho bado alikuwa na mtoto anayeweza kupona. Kisha akagonga la mwisho.

Mlio ulikuwa mmoja, na ulikuwa mrefu. Ulipokwisha, kitu fulani ndani ya pampu kikajifunga kwa sauti ndogo, wote wawili wakaisikia.

Hawakulia. Tusekile alijifunika sweta, akageukia ukuta. Atuganile alikaa na sumaku mapajani hadi redio ikakoroma.

"Luteba, hapa Ipinda. Mama Atuganile, tumepata kurasa saba tu, kisha kimya. Bado hatujafika kwenye namna ya kuchemsha. Tuko wa ngapi sasa?"

Tusekile, akiwa ameupa mgongo chumba, alisema, "Mjibu."

Atuganile alikwenda mezani. Alibonyeza kitufe.

"Mlikuwa wa kwanza, Bupe," alisema. "Nikawatoa. Nikajiweka mimi. Diski imekufa, hakuna tena."

Alikiachia kitufe. Upande wa pili aliwasikia watu wakitapika, na mtu akiomba maji, na chuma kikigongana na ndoo. Alingoja matusi, na aliyataka. Bupe akazungumza kwa sauti ya mtu aliyechoka aliyeketi chini.

"Basi angalau mtoto amepona?"

Atuganile alibonyeza kitufe ili ajibu. Akakishikilia, na Bupe huko Ipinda akawa anasikia mvua ya Luteba tu.